Pole Niliyoitoa kwa Simu ya Video

Msinicheke sana. Nilikuwa nimekwenda Karama, kwa binti yangu Mwanaidi, mjukuu wangu Salma akapiga simu ya video kutoka Australia. Alikuwa safarini kwa gari na wenzake huko kwenye mito ya mamba. Mto umefurika, hawavuki, basi wameomba kulala kwa Mama Rosi, mmoja wa wenyeji wa asili, anayefahamiana na Salma tangu zamani, naye amefiwa na kaka yake.

Jina la huyo kaka, Salma aliwahi kunitajia zamani, mara moja tu, na mimi jina halinipotei. Salma alipompa Mama Rosi simu, nikampa pole kama tunavyopeana kwetu: nikamtaja marehemu kwa sauti, nikamwombea, nikamtaja tena. Jirani yetu Mama Wanjiru, aliyeketi kando yangu, akaitikia, "Amina!"

Mama Rosi akajifunika uso, akatoka nje.

"Bibi, khalas, inatosha!" Salma akanikatiza. "Huku aliyekufa hatajwi jina!"

"Shosho, sasa watafukuzwa humo; umewapeleka watoto kwa mamba," Mama Wanjiru akasema.

Nikababaika. "Salma, mwambie anisamehe, sikujua kuwa jina la..." Nikalitaja tena, lote na la baba yake.

Mama Rosi alikuwa amesharudi, amesimama nyuma ya Salma.