Nyongeza ya Mzee Mizani

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mizani, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa vipimo. Aliingia sokoni bila kupiga hodi, akaweka jiwe lake la shaba juu ya mizani ya muuza mchele, akasubiri mshale utulie. Ukitulia pabaya, mwenye duka alianza kutokwa na jasho hata kama mvua inanyesha.

Siku aliyostaafu, wenzake walimpa seti nzima ya mawe yale ndani ya sanduku la mbao lenye bitana nyekundu. Kubwa kuliko yote lilikuwa la kilo. Dogo kuliko yote lilikuwa kipande cha gramu moja, chepesi kama ukucha, na lilishikwa kwa kibano tu, kwa sababu hata mafuta ya kidole huongeza uzito. Sanduku lilikaa juu ya kabati, na kila Jumamosi aliliteremsha, akayafuta mawe moja moja kwa kitambaa kikavu.

Kulikuwa na neno moja asilotaka kulisikia nyumbani kwake: kupunja.

"Mwizi anayeruka ukuta anajua kabisa kwamba anaiba," alizoea kusema. "Lakini anayepunja anakutazama usoni, halafu anakushukuru kwa kununua kwake."

Mkewe aliugua presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa bado zima, kiasi cha kutunga uzi kwenye sindano. La kushoto liliona kama mtu anayechungulia kupitia kioo chenye masizi. Daktari alisema kinachopotea hakirudi, ila kinachobaki kinaweza kulindwa: tone moja kila jicho, kila jioni, bila kuruka hata siku moja. Basi kila jua likielekea kuzama, mama aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akainua uso, na mzee akaweka dawa. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Dawa ilichoma, mama akasema "Ssss," na shughuli ikawa imekwisha.

Kichupa kimoja kilitosha mwezi mmoja. Kwa kadi ya nafuu ya wastaafu kilikuwa elfu nne. Bila kadi, elfu ishirini na nne.

Siku moja simu ya mzee ililia. Ujumbe ulisema: "Hongera, mstaafu! Pensheni yako imeongezwa kwa asilimia tatu kulingana na kupanda kwa gharama za maisha."

"Wamekukumbuka," mkewe akasema.

"Wamekumbuka bei ya sukari," mzee akajibu, lakini alikuwa anatabasamu. Pensheni ilikuwa imepanda kutoka laki moja na elfu tisini na sita hadi laki mbili na ushee. Jioni ile walinunua sabuni nzuri ya kuogea.

Wiki iliyofuata alikwenda duka la dawa. Binti wa dukani aliiweka kadi kwenye mashine, akaitoa, akaifuta kwenye koti lake jeupe, akairudisha tena.

"Babu, inakataa. Inasema umezidi kipato. Kikomo ni laki mbili."

"Nimezidi kwa kiasi gani?"

"Elfu moja mia nane themanini."

Mzee alisimama pale akiutazama mkono wake mtupu, kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Kichupa cha nyumbani kilikuwa na matone ya siku nne.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni. Bahati mbaya, au nzuri, ilikuwa wiki ya uhakiki, ambapo kila mstaafu hufika mwenyewe, aonekane kwa macho kwamba anaishi, kisha atie saini. Foleni ilijikunja kama mkanda. Nyuma yake alisimama Filimbi, aliyekuwa mlinzi wa treni, na ambaye bado aliongea kwa sauti ya kushindana na injini.

"Mzee Mizani! Kumbe bado uko hai?"

"Ngoja wanihakiki kwanza, ndiyo nikujibu."

"Nasikia umekuja kulalamika. Watu wanalilia nyongeza, wewe unaililia ikutoke! Kama imekuchosha nipe mimi."

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, maana hakuwa na la kufanya.

Dirishani alikuwa karani kijana, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole. Mzee akamweleza mambo yote, kuanzia kichupa hadi elfu moja mia nane themanini.

"Kwa hiyo nimekuja kuikataa, mwanangu. Naomba fomu."

Karani akavuta droo. Akapekua, akaifunga.

"Baba, ninayo fomu ya nyongeza iliyochelewa. Ninayo ya kubadilisha benki, ya mjane, ya mazishi. Ya kukataa nyongeza haipo. Haijawahi kutokea."

"Basi pandisheni hicho kikomo."

"Kikomo si chetu, ni cha wizara nyingine. Hakijaguswa miaka tisa. Nyongeza inajipandisha yenyewe kila mwaka, kompyuta ikishasoma bei za sokoni."

Mzee akakunja uso. Mambo ya mizani aliyajua vizuri kuliko karani. "Yaani ni mizani ambayo sahani moja inapanda na nyingine imepigwa msumari. Mimi ningemkamata mtu kwa jambo hilo."

"Utamkamata nani, baba? Mimi?"

Alimtazama. Kola ya shati la karani ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi usiofanana. Hapana, hakuwa mtu wa kukamatwa.

Karani akasogea karibu na tundu la kioo, akapunguza sauti. "Na hii nyongeza yenyewe, usidhani ina mizizi. Zamani walichangia wafanyakazi sita kwa mstaafu mmoja. Sasa hawafiki watatu. Wakubwa wamepiga hesabu, wanasema mambo yakienda hivi, baada ya miaka kumi na minne mfuko utakauka. Ndiyo maana makato yamepandishwa. Una mtoto anayefanya kazi?"

"Binti yangu. Kiwanda cha sabuni."

"Basi mshahara wake umepungua mwezi huu huu. Hicho ulichoongezewa, yeye amechangia."

Mzee akaigusa simu mfukoni. Alikuwa amepanga, akishindwa hapa, ampigie binti yake. Sasa hata huo mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe bila kujua.

"Nisipotia saini?"

"Kompyuta itahesabu umefariki. Pensheni yote inasimama."

"Na nikifariki, kadi ya mke wangu?"

"Inafufuka, ikiwa ya mjane. Inachukua kama miezi minane."

"Kumbe hata kufa hakusaidii!" Filimbi akapaza sauti nyuma, na foleni nzima ikacheka tena.

Karatasi ikasukumwa chini ya kioo. Ilisema: *Ninathibitisha kuwa niko hai, na ninakubali pensheni yangu pamoja na nyongeza.* Mzee aliisoma mara mbili. Kisha akatia saini ileile aliyoitia kwenye vyeti vya mizani halali.

Njiani akapiga hesabu. Kichupa kila mwezi hakiwezekani, hata wakiacha nyama na sabuni nzuri. Kichupa kila miezi miwili, kwa kujibana, kinawezekana. Kwa mwezi mmoja kichupa kilitosha macho mawili. Kwa miezi miwili kilitosha jicho moja.

Hakumwambia mkewe. Alisema tu, "Tumeelewana." Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akayajaza kwenye kichupa kitupu cha mwezi uliopita.

Jioni ile mama aliketi dirishani, akainua uso. Tone la kulia. "Ssss." Tone la kushoto. Kimya.

Ilikuwa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne mzee alianza na jicho la kushoto, na mama hakulifumba. Maji yalimteremka shavuni, naye akayaacha.

"Hili halichomi," akasema.

"Labda jicho limezoea."

"Mzee Mizani."

Akakifunika kichupa.

"Umenipunja."

Aliketi kitandani, kichupa kiganjani. Akamweleza yote: kikomo, fomu isiyokuwepo, makato ya binti yao, saini. Juu ya kabati sanduku la mawe lilikuwapo, na hakuweza kulitazama. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane.

"Jicho lililooza ndilo ulilolipa maji," akasema.

"La kulia ndilo linaloona, mama watoto. Nilitaka libaki."

"Yote mawili ni yangu. Ukigawa, gawa nikiwa naona. Leo hili, kesho lile."

"Daktari alisema kila siku."

"Daktari hana pensheni yako. Weka."

"Lipi?"

"La kushoto. Linakudai siku nne."

Mzee alisimama. Mara hii alichukua kichupa cha dawa yenyewe, akakishika kwa mikono miwili, na tone lilining'inia mdomoni mwa kichupa kwa muda kabla ya kuanguka.

"Ssss," mama akasema, akalifumba. "Hilo limetimia."

Jicho la kulia, ambalo lilikuwa halijapata kitu, lilibaki wazi likimtazama.