Mwaka Bibi Alipokula Kwelea

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, njia ya kwenda Mkula, kumsalimia mdogo wangu anayelima mpunga. Nilimkuta kwenye tuta la jaruba pamoja na kijana mmoja wa mjini aliyevaa miwani myeusi, ameshika kidude kama simu kubwa. Juu ya vichwa vyao kitu chenye mapanga manne kilikuwa kinavuma kama nyigu, kinaelekea bondeni kwenye vichaka vya miiba. Watoto wa mdogo wangu wanakimbia huku na huku wanashangilia.

"Ni droni, dada," mdogo wangu akaniambia. "Inamwaga dawa ya kuua ndege kwelea. Usiogope."

Nilicheka, maana mimi ni mtu wa kucheka. Lakini harufu ya dawa ikanifikia, rafiki yangu. Harufu ile niliijua. Mara nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimejikunyata nyuma ya jiko la Bibi.

Miaka ile wazazi wetu walikuwa Lamadi wakihangaika na biashara ya dagaa, sisi wawili wakatuacha kwa Bibi, mimi na mdogo wangu ambaye alikuwa bado anatembea na kishati tu bila kaptula. Kazi yangu mtama ukianza kuiva ilikuwa kuamia ndege. Bibi alinijengea kichanja katikati ya shamba, na alfajiri nilipanda huko na mkebe wenye kokoto, kombeo la katani, na matobolwa yaliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Ukiwa na njaa, utamu wa viazi vile vikavu vilivyochemshwa na karanga huwezi kuufananisha na keki yoyote ya harusi. Nilikuwa natafuna, natikisa mkebe, napiga kelele, halafu naota ndoto zangu. Niliota nitakuwa rubani. Sijui hata nilipata wapi wazo hilo, maana shule yetu haikuwa na mlango, sembuse picha ya rubani. Na mwisho wake niliishia darasa la saba. Lakini pale juu ya kichanja nilijiona naiona dunia yote, mpaka Bariadi na ng'ambo yake.

Mwaka ule kwelea hawakuja kama ndege. Walikuja kama moshi. Wingu linainuka bondeni, linajikunja, linageuka, halafu linamwagika shambani na mlio kama mvua ya mawe juu ya bati. Ukitikisa mkebe wanahamia kona nyingine, basi. Nililia, nikarusha mawe mpaka bega likavimba, na jioni nikateremka nikakuta masuke yamebaki maganda matupu. Bibi aliokota suke moja, akalipuliza vumbi, akalifikicha kiganjani kutafuta punje.

Watu wakaanza kuogopana. Jirani yetu, mama mjane aliyekuwa hakosi habari yoyote, alikuja kuomba moto akakaa kitako jikoni. "Mayu," alimwita Bibi hivyo, kama tunavyomwita kwa heshima mama yeyote kwetu, "hawa ndege wana mwenyewe. Wametumwa na mtu. Angalia shamba la nani limepona, utajua." Tangu siku hiyo kila aliyebakiwa na mtama kidogo alianza kuuficha. Watu walivuna usiku usiku, na mimi nilipopita kwenye mashamba ya wengine niliinamisha macho chini nisionekane natazama.

Bibi hakuliamini hilo. Tatizo ni kwamba hakuliamini na lingine lolote. Na hakuwa mjinga. Zamani dawa ya pamba ilikuja kupitia chama cha ushirika, kwenye makopo yaliyofungwa, na ilikuwa inaua kweli. Ilipofika miaka ya ruksa, kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara, hata mwenye baiskeli tu akawa muuza dawa. Iliuzwa mnadani kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la muhindi. Nyeupe kama maziwa, inanuka vizuri tu, inatisha kabisa. Bibi alipulizia shamba lote la pamba, na kesho yake nilimkuta funza wa vitumba anatembea juu ya tone lenyewe, mnene, ana afya kuliko mimi. Tulicheka mpaka Bibi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, maana pesa yake ilikuwa imenunua maji.

Basi bwana shamba alipokuja mnadani na kipaza sauti chake cha betri, akasimama kando ya pikipiki kutangaza kwamba ndege ya serikali itakuja kumwaga dawa bondeni wanakolala kwelea, na kwamba ni marufuku kuokota wala kula ndege waliokufa, Bibi ndiye aliyenyoosha mkono.

"Ng'wanawane," akamwita, yaani mwanangu, "hiyo dawa ni ya serikali au ya dukani?"

"Ya serikali, bibi. Kali sana."

"Na ile ya pamba mlisema kali."

Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja upande wa ng'ombe akapaza sauti, "Mwambieni, mayu! Funza wangu wamenenepa, nataka kuwauza hapa mnadani!" Bwana shamba naye akatabasamu kwa aibu, akafuta jasho, akarudia marufuku yake. Lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena.

Ndege ya dawa ilikuja jua likiwa linazama. Nilikuwa nimepanda juu ya kichuguu tangu adhuhuri nikiisubiri. Ilipita chini sana, chini mpaka nikamwona mtu ndani, kichwa chake chenye kofia nyeupe, na nyuma yake utaji wa ukungu unashuka taratibu juu ya miiba. Nilivua kanga nikampungia. Nakuambia ukweli, nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Halafu upepo ukaleta harufu, kama vitunguu vilivyooza kwenye mafuta ya taa, nikashuka mbio.

Asubuhi bondeni kwelea walikuwa wametapakaa kama mtama ulioanikwa. Wengine walikuwa bado wanapiga bawa moja. Niliokota mmoja, mdomo mwekundu kama pilipili, akanishika kidole kwa vikucha vyake, akalegea. Nilimwaga machozi. Yale madudu yaliyotula mwaka mzima, nikayalilia. Lakini kijiji kizima kilikuwa pale na vikapu na mabeseni, na Bibi alijaza beseni lake bila machozi yoyote.

Jirani alisimama mbali, mikono kichwani. "Mayu, usile. Mwenyewe atawafuata tumboni mwako."

"Bwana shamba ananitisha kwa sumu, wewe unanitisha kwa uchawi," Bibi akamjibu huku anaokota. "Nyote mnataka nisile nyama. Mtama wangu umo humu ndani. Nitaula humu humu."

Hata hivyo Bibi hakuwa mtu wa kukurupuka. Tulipofika nyumbani alimwita mbwa wetu, akamrushia ndege kadhaa wabichi. Mbwa akameza hata bila kutafuna, akalamba midomo, akatikisa mkia akiomba tena. Bibi akakaa kibarazani kumtazama, huku ananyonyoa manyoya kwa mikono mitupu. Mpaka jua la utosi mbwa alikuwa anakimbiza kuku. "Umeona?" akaniambia. "Mtu asikwambie tu. Jaribu uone." Akawakaanga kwenye kikaango cha udongo kwa chumvi. Harufu ilijaa ua mzima, mdogo wangu akaanza kucheza kwa furaha akishika sufuria yake ndogo.

Bibi akamzuia kwa mwiko. "Nyinyi mtakula kesho," alisema. "Mimi nimeshaishi. Nikiamka salama, beseni lote lenu."

Akala sahani nzima mbele yetu, mifupa na vyote, tuf, tuf. Mdogo wangu analia. Mimi silii, lakini ndipo hofu iliponishika. Nilielewa kwamba sasa yeye ndiye amekuwa mbwa.

Mchana ule sikwenda shambani wala kisimani. Nilikaa nikimtazama Bibi kama alivyomtazama mbwa. Alikuwa anamenya karanga, anaimba chini chini, ananitania, "Mbona unanikodolea macho kama mgeni wa mahari?" Nikacheka. Nikahesabu moyoni vitu vyake vyote vinavyofanya kazi: anameza, anaona, anakohoa kama kawaida yake. Nikaanza kutulia.

Halafu nikamwona mbwa. Alikuwa amelala nyuma ya jiko, na mate marefu yanamtoka, meupe, hayakatiki. Alijaribu kunijia. Miguu ya nyuma ikakataa. Akatikisa mkia tu, mara moja, nyingine, akaacha.

Nilirudi kibarazani polepole, maana sikutaka kufika. Bibi alikuwa bado anamenya karanga, ila vidole vilikuwa vinazikosa. Vinaminya hewa. Jasho linamtiririka wakati jua limeshapoa. Akainua uso kuniangalia, na macho yake, rafiki yangu, viini vya macho vilikuwa vimekuwa vidogo kama punje ya ulezi. "Mbona kumekuwa na giza?" akaniuliza.

Nilipiga yowe. Jirani akaja mbio, akamwona, akapiga magoti akimshika kichwa. "Nilisema! Nilisema mwenyewe atakuja! Kimbia kwa mganga, ng'wanawane, kimbia ng'ambo ya mto!"

Mganga alikuwa upande mmoja, bwana shamba upande mwingine, kwenye nyumba ya ghala la zamani la ushirika. Nilisimama njia panda. Sikuwa na elimu ya kuamua. Nilichokuwa nacho ni mbwa tu. Mbwa hana mtama, nikafikiri, hajui habari za mwenyewe wa ndege, hajagombana na mtu yeyote. Kwa nini basi naye afe? Nikashika njia ya ghalani.

Njia hiyo inapita bondeni. Bado naiota mpaka leo. Mahali palipokuwa na mlio wa mvua ya mawe palikuwa kimya kabisa, hata nzi hakuna. Nilikanyaga vitu laini kila hatua, vingine vinatikisika chini ya unyayo. Nilikimbia nimefumba macho, nikajikwaa, nikaanguka juu yao, nikainuka na manyoya mdomoni. Nilidhani na mimi nimekwisha. Nilipiga kelele za kuamia ndege, zile zile za kichanjani, ili tu nisikie sauti ya kitu kinachoishi.

Bwana shamba hakuniuliza mara mbili. Alinipakia mbele kwenye pikipiki, njia nzima akitangaza kwa kipaza sauti watu wamwage walichookota, na tulipofika alimkalisha Bibi katikati, jirani nyuma akimkumbatia, wakaondoka kwenda hospitali ya Bariadi huku jirani anatupa unga wa mtama njiani kwa ajili ya mizimu, wale wa kale. Mimi nikabaki na mdogo wangu. Nililimwaga lile beseni kwenye shimo nikafukia, nikamfukia na mbwa, na mdogo wangu akawa ananipiga ngumi mgongoni kwa kuwa nimemnyima nyama.

Bibi aliishi. Walimchoma sindano mpaka viini vya macho vikafunguka. Jirani alimweleza kila mtu kwamba ni unga wake uliomrudisha, na bwana shamba hakubishana naye. Yeye alikaa kando ya kitanda akamweleza Bibi kwamba dawa ile haina haraka, inaweza kungoja mpaka jioni. Baadaye jirani alitusimulia jinsi bwana shamba alivyoinamisha kichwa akasema, "Kwa dawa mnazouziwa siku hizi, bibi, hata mimi nisingeamini."

Bibi alirudi amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Kitu cha kwanza alichosema alipovuka ua kilikuwa, "Kumbe hii hawakuitia maji." Tukacheka sote, na yeye akacheka, kisha akauliza mbwa yuko wapi. Mdogo wangu akanyoosha kidole. Akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, akaona udongo mpya, akakaa pale mpaka matobolwa niliyomwandalia yakapoa.

Nimefikiri sana juu ya siku hiyo. Wawili walimwambia asile, mmoja kwa sababu ya kweli na mwingine kwa sababu yake, na yeye akataka kuona mwenyewe. Siwezi kumlaumu. Akajaribu, kama wanavyojaribu wenye elimu. Kosa lake ni kwamba hakungoja vya kutosha. Sasa Bibi hayupo, kichanja kimeshaliwa na mchwa, ghala la ushirika ni kanisa, na kumenya karanga kibarazani mchana kutwa hakuna mwenye nafasi nako. Hata kuogopa kwetu kumepotea. Mdogo wangu hakumbuki chochote. Anakumbuka tu kwamba aliwahi kunyimwa nyama.

Nilimsogelea kijana wa droni nikamuuliza, na sauti niliyoisikia haikuwa yangu: "Mwanangu, hiyo dawa ni ya serikali au ya dukani?"

"Hii ya sasa haina shida, mama," akanijibu bila kuondoa macho kwenye kidude chake. "Ni salama."

Watoto walikuwa wameshashika ndoo, wanaelekea bondeni, mbwa wao anatangulia. Niliwaita kwa sauti ya kichanjani, ile ya zamani, mpaka mdogo wangu akashtuka. Wakarudi wamenuna. Mbwa nikamfunga kamba kwenye nguzo ya jiko, nikakaa naye chini. Alinitazama, haelewi kosa lake, akatikisa mkia.