Siku Kompyuta za Hajji Zilipoganda

Serikali ilipouza shirika nililolifanyia kazi Dar es Salaam, mwenye mali mpya alikuja kukagua alichonunua. Akaitazama mashine ya teleksi niliyoihudumia ujana wangu wote, akanitazama na mimi, akaona kwamba sisi wawili tumechoka pamoja. Mashine ikapelekwa stoo. Mimi nikapewa mkono wa kwaheri na hotuba fupi kuhusu ushindani, nikarudi kwetu Kyela kuyala matunda ya soko huria nikiwa karibu na shamba.

Matunda yenyewe yalishanitangulia. Mjini kulikuwa na redio za kila sura, mitumba iliyopangwa kwa madaraja kama wanafunzi, na dawa ya meno ya aina nyingi kuliko meno yaliyobaki kwa wazee wetu. Na sasa palikuwa na intaneti. Aliyeileta alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa tuliyemwita Hajji. Babu yake alikuja huku akitokea Pwani, na mjukuu bado alizungumza Kiswahili kilichotufanya sisi Wanyakyusa tujione tunatafsiri. Hajji alisikia kwamba Mbeya watu wanalipia kukaa mbele ya kompyuta, naye hakuwa mtu wa kusikia kwamba watu wanalipia kukaa akanyamaza. Akagawa duka lake kwa pazia, akaleta kompyuta tatu zilizokwishatumiwa na Wazungu mpaka wakazichoka, akavuta laini ya simu, akaniajiri. Sifa yangu ilikuwa moja: nilijua kuchapa bila kutazama vidole. Kuhusu kompyuta sikumzidi yeye kitu, ila nilivaa miwani.

Pamoja na kompyuta hizo Hajji alinunua, kwa hiari yake na bila kushauriwa na yeyote, sidii moja yenye programu ya kuongeza kasi ya intaneti. Ukishaiweka, kila unapofungua dirisha la intaneti inatokea ndege ndogo ya bluu juu ya skrini, inaruka kutoka kushoto kwenda kulia. Hajji aliipenda ndege ile kupita kiasi. Wateja walipoingia aliwaonyesha ndege kwanza, intaneti baadaye.

Halafu kompyuta zikaanza kuganda.

Ingekuwa ni ukurasa peke yake umegoma, tungevumilia. Lakini hapa kila kitu kilisimama. Mshale ulisimama, saa ya pembeni ilisimama, na ukigusa kibodi mashine ililia kama kifaranga kilichokanyagwa. Mtu aliyekuwa amechapa barua ya kuomba kazi kwa saa nzima, kisha akafungua intaneti mara moja tu achungulie habari za mpira, alipoteza barua, mpira na adabu kwa pamoja. Dawa ilikuwa kuchomoa waya ukutani, kungoja, kuchomeka. Kwa kuwa umeme wa Kyela ulitufanyia kazi hiyo mara kwa mara bila malipo, mwanzoni hatukuona tofauti kubwa.

Wataalamu walijitokeza, maana mji wetu haujawahi kupungukiwa nao. Muuza mchele wa jirani alisema ni unyevu wa ziwa. Fundi baiskeli alisema mashine zimechoka safari, zipumzishwe. Mzee mmoja kutoka Talatala, aliyekuja kumsindikiza mwanawe, alikaa akatazama skrini iliyoganda kwa makini, akauliza kama haiwezekani tukaiacha hivyohivyo, kwa kuwa picha iliyokuwapo ilikuwa nzuri.

Mimi nilikuwa na nadharia yangu: joto. Mke wa Hajji alikuwa amezifunika kompyuta kwa vitambaa vya kutarizi, vile vya kuweka juu ya makochi, na zilikuwa zikifanya kazi chini ya maua na njiwa. Nikavitoa. Nikaleta feni. Nikafungua ubavu wa mashine moja, na ndani, juu ya nyaya, nikamkuta mjusi aliyekauka.

Habari za mjusi zilifika sokoni kabla sijamaliza kumtoa. Watu walikuja kumwona. Hajji alinipongeza mbele yao, akasema ndiyo maana aliajiri mtu mwenye uzoefu wa mashirika. Nilipokea sifa zile kwa unyenyekevu mkubwa, na kesho yake asubuhi kompyuta zote tatu ziliganda, zikiwemo mbili ambazo hazikuwahi kuwa na mjusi.

Ndipo Hajji akaagiza mtaalamu kutoka Mbeya. Alikuja na tai, kwenye joto la Kyela, na tai ile ilitutuliza kabla hajagusa kitu. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema, “Virusi.”

Sisi watu wa kando ya ziwa hatuhitaji kushawishiwa kuhusu homa. Kila mtu alielewa. Mama mmoja aliyekuwa akichapisha kadi za harusi akauliza kama virusi hivyo vinaambukiza kwa kugusana vidole, na mtaalamu akamjibu, bila kutabasamu, kwamba ni vizuri kuwa mwangalifu. Kisha akafuta kila kitu katika mashine zote, akazipanga upya tangu mwanzo, akapanda gari lake akarudi kwenye baridi ya Mbeya.

Niseme haki: baada ya hapo zilifanya kazi. Kutwa nzima hakuna kilichoganda. Watu walisoma magazeti, walisoma barua pepe, kijana mmoja kutoka Mwaya aliongea na msichana wa Urusi ambaye nadhani alikuwa mwanaume. Nilifunga duka nikiwa na furaha.

Asubuhi iliyofuata Hajji alifika mapema akiwa na ile sidii.

“Yule bwana ameiondoa ndege,” aliniambia kwa masikitiko. “Lakini usijali, nairudisha mwenyewe.”

Akairudisha kwenye mashine zote, moja baada ya nyingine, akishangilia kila ilipopaa. Kabla ya adhuhuri zote zilikuwa zimeganda.

Hapo hata mimi, mtu wa teleksi, nikaanza kushuku. Hajji alipokwenda kuswali nilichukua ganda la sidii nikasoma maandishi yake madogo ya Kiingereza. Programu ile ilikuwa na ukarimu usioombwa. Ukifungua ukurasa mmoja, yenyewe inakwenda kimyakimya kuvuta kurasa zote zilizounganishwa na huo, ili ukizihitaji uzikute zimeshafika. Kwa ukurasa wenye viungo vichache, sawa. Kwa ukurasa wa gazeti, wenye viungo kila kona, ilikuwa ni kumtuma mtu mmoja mwenye kikapu kimoja akalete mpunga wa mashamba yote ya Bujonde kwa safari moja. Mashine zetu hazikuwa na kumbukumbu ya kutosha hata kujikumbuka zenyewe. Zilikuwa zinazimia.

Aliporudi nilimweleza kwa upole.

“Unaniambia,” alisema Hajji, “kitu cha kuongeza mwendo ndicho kinachosimamisha mwendo.”

“Ndiyo, Hajji.”

“Basi na chumvi ndiyo inayotia chai utamu.”

“Jaribu kuiondoa kwa siku moja tu.”

“Na wateja nitawaonyesha nini?”

Nilikuwa nimeshapunguzwa kazi mara moja na mtu aliyenunua shirika. Sikutaka kupunguzwa tena na ndege. Tukaendelea kuchomoa na kuchomeka.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka mwaka ule, na redio ikasema kwa mara ya kwanza masikioni mwetu kwamba yanapatikana kwenye mtandao. Asubuhi hiyo nilikuta watu wamejaa barazani, baiskeli zimeegemezwa ukuta mzima. Hajji alikuwa amevaa kanzu mpya. Mbele kabisa alisimama mama mmoja kutoka Bujonde, mkulima wa kakao, ambaye tuliwahi kumchapia barua ya ushirika wao. Pembeni yake alikuwa binti yake, amevaa gauni la kanisani na viatu alivyovivaa alipofika mjini, maana miguu ilikuwa na tope na viatu havikuwa nalo.

“Mugonile, mama,” nilimwamkia.

“Tugonile, tata. Tumekuja kumwona huyu amepata nini. Tangu Krismasi halali, na mimi silali kwa sababu yake.”

Hajji alikaa mwenyewe kwenye kiti, kwa kuwa siku ilikuwa kubwa. Ndege ikapaa. Ukurasa wa matokeo ukaanza kushuka polepole, majina ya shule yakitokea moja chini ya jingine, na watu wakasogea mpaka pumzi zao zikawa shingoni kwangu. Kisha mshale ukasimama.

Tukachomoa. Tukachomeka. Ndege ikapaa, shule zikaanza kushuka, mshale ukasimama. Tukahamia kompyuta ya pili, ikawa vilevile. Kijana mmoja nyuma akasema labda matokeo ni mabaya mno hata mashine imeshindwa kuyasoma. Wachache walicheka. Yule binti hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na nikaona anarudiarudia namba yake ya mtihani kwa midomo bila sauti.

Ya tatu ilipoganda, mama yake alimgeukia Hajji. Hakupandisha sauti.

“Baba, tumetoka mbali. Kama mashine haiwezi, tuambie haiwezi, tukangoje gazeti. Usituweke hapa tunatazama ndege.”

Hajji akasimama, akanivuta nyuma ya pazia, katikati ya majora ya vitenge.

“Ile habari yako,” alisema. “Una hakika nayo?”

“Nina hakika nusu.”

“Nusu?”

“Mjusi nilikuwa na hakika naye kamili, Hajji.”

Hajji akapapasa jora moja. Alikuwa mtu mwenye majivuno, lakini biashara ilimfundisha kutambua kitambaa kibovu hata kama amekinunua yeye. “Watu wale watasema Hajji alikuwa anawauzia ndege,” alisema.

“Watasema intaneti imefunguka. Hakuna atakayeuliza zaidi.”

“Na isipofunguka?”

“Nitawaambia ni kosa langu. Nina mazoea ya kuondoka kazini.”

Akacheka kidogo, akarudi kwenye kiti. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Mashine ikauliza kwa Kiingereza kama ana hakika anataka kuiondoa programu hii. Hajji akalitazama swali lile kama mtu anayeombwa talaka.

“Bonyeza Ndiyo,” nikamwambia.

Akabonyeza. Tukazima, tukawasha, simu ikapiga yowe lake refu la kutafuta laini, dirisha likafunguka, na juu yake hapakuwa na kitu. Shule zikaanza kushuka. Nilikuwa natazama mshale tu. Hajji aliusogeza kushoto, ukaenda kushoto. Akausogeza kulia, ukaenda kulia. Nadhani hakuna mshale duniani uliowahi kutazamwa na watu wazima wengi kiasi kile wakiwa wameshika vifua.

Shule ya binti ilitokea. Hajji akabonyeza, tukangoja, safu za namba zikajipanga. Binti aliiona namba yake kabla yetu. Akaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa ya namba, kisha akakiburuta taratibu kwenda pembeni kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza.

“Tatu,” alisema. “Daraja la tatu.”

Mama yake akanitazama mimi, kwa sababu ya miwani. “Tatu ni ya kucheka au ya kulia?”

“Ni ya kuendelea na shule, mama.”

Hakupiga kigelegele, ingawa wanawake wengine barazani walipiga kwa niaba yake. Alikaa kwenye kiti cha jirani, akafunika uso kwa khanga. Kisha akafunua uso, akamshukuru Mungu, akamshukuru Hajji. “Ndaga fijo,” alimwambia, mara mbili. Mimi nikapewa wajibu wa kuwapisha njia.

Kilichobaki cha siku ile kilikuwa cha Hajji. Alizisoma namba za watoto wa Kyela yote kwa sauti ya msikitini, akitangaza madaraja kana kwamba yeye ndiye aliyesahihisha mitihani. Nilijiandaa kumdharau mpaka jioni. Lakini nikaona kwamba akikuta mtoto aliyepata sifuri, hasomi. Alikuwa anasema, “Hapa maandishi hayaonekani vizuri, njoo nikuonyeshe,” anamchukua nyuma ya pazia, anamwambia huko taratibu, anamletea maji, na anamwacha akae kwenye vitenge mpaka aweze kutoka. Ilipofika alasiri nyuma ya pazia palikuwa pamejaa. Jambo hilo lilinisumbua kidogo, maana nilikuwa nimeshazoea kumcheka.

Kuhusu ndege, alieleza mji mzima kwamba alikuwa akiishuku siku zote, na kwamba mtaalamu wa Mbeya angemsikiliza mapema tusingeteseka. Sikumsahihisha. Biashara ilikwenda vizuri mpaka simu za mkononi zilipoanza kubeba intaneti mfukoni, na soko huria, lililoniajiri baada ya kunifukuza, likanifukuza tena bila hata hotuba.

Yule binti nilikutana naye miaka mingi baadaye. Nilipelekwa zahanati nikitetemeka kwa homa, muuguzi akaingia na sindano, na nilipomwona anasoma kadi yangu kwa kuburuta kidole nikamtambua. Yeye hakunitambua. Nikajitambulisha, nikamkumbusha duka, pazia, siku ya matokeo. Akafikiri, akatabasamu.

“Hajji hajambo?” aliuliza. “Mwambie namsalimia sana. Geuka upande huu, baba.”

Nikageuka.