Vyuma Butu

Mwaka ule Gentille alipochaguliwa kwenye timu ya shule ya kuteleza barafuni, hapa Brooklyn Park, Marekani, mama yake, Perpétue, alimnunulia viatu vya kutelezea barafuni kwenye duka la mitumba. Alipoona vile vyuma vya chini vinakata kama wembe, akachukua tupa, ile ya kunolea majembe, akavisugua asubuhi nzima mpaka vikawa butu kama mgongo wa kijiko. Mwanawe asije akakatwa.

Chuma butu hakishiki barafu. Gentille alianguka na kuanguka tena mbele ya shule nzima, na timu ikamwacha.

Wapumbavu wa kanisani kwetu wanacheka mpaka leo. Mimi nilikimbia vita vya Fizi, kule Kongo, pamoja na Perpétue. Kaka zake wawili walikatwa mapanga akiwatazama. Gentille hajaambiwa, mama yake hataki akue na hofu.

Juzi nilikuwa kwao. Gentille akamsimulia rafiki yake habari ya vile viatu, kisha akamwambia kwa Kiingereza, mama yake akisikia na kuelewa kila neno: “Msamehe tu. Mama yangu hajui chuma chenye makali ni kitu gani.”