Mtoto wa Mikono

Msusi wangu pale Ndhiwa aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Jumamosi moja, kichwa changu kikiwa nusu kimesukwa, alininyooshea simu yake juu ya bega.

"Madam, nisomee hii meseji."

Ilitoka shule ya binti yake: wazazi wote wafike kikaoni Alhamisi. Alhamisi ilikuwa imeshapita. Aliguna, akaitia simu mfukoni, akaendelea kusuka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana mwalimu wake nilikuwa mimi.

Mwaka niliomfundisha nilikuwa nimerudi kutoka warsha ya walimu Homa Bay nimejaa elimu pomoni. Tulikuwa tumeambiwa watoto ni wa aina tatu: wa macho, wa masikio na wa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya darasa kama askofu. "Wanaojifunza kwa mikono, inueni!" Wa kwanza kuinua alikuwa yeye, msichana mgeni aliyehamia kutoka Ntimaru wiki moja tu kabla. Nilifurahi kupindukia.

Mwaka mzima nilimpa udongo afinyange na karatasi za manila akate, wenzake wakisoma kwa sauti. Alifinyanga ng'ombe wazuri, nikawa nawaringishia wageni. Alipoanza kukijua Kiswahili, wenzake walikuwa wamemwacha mbali, na kwenye ripoti nilishaandika kwamba huyu ni wa mikono. Walimu walionifuata waliisoma, wakaona hakuna haja ya kujisumbua.

Miaka baadaye, katika warsha nyingine, mwezeshaji mwingine alitutangazia bila haya kwamba mafungu yale hayakuwahi kuthibitishwa. Watoto hutofautiana, alisema, lakini kila mmoja anahitaji macho, masikio na mikono, kulingana na anachojifunza. Kisha tukaletewa chai na mandazi. Nusura nimrushie kikombe. Alinisahihisha mimi, lakini yule mtoto nani angemsahihishia mwaka wake?

Hayo yote nilimwambia Jumamosi ile, nikiwa nimeketi chini yake kwenye kigoda. Nilimwomba radhi. Nilimwambia hakuna mtoto wa mikono, nilimpanga vibaya.

Alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Lakini madam, mimi hata sikuchagua! Kiswahili sikuwa najua, nilikuwa najua Kikuria tu. Maneno yenye nilikuwa nimeshika ni mkono na inua, sababu kila mwalimu alikuwa anasema hivyo. Nikasikia mikono, nikasikia inueni. Nikainua."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijilaumu kwa kuamini nadharia mbovu, kumbe hata swali lenyewe halikumfikia. Machozi yalinitoka, naye hakuyaona kwa kuwa alikuwa nyuma yangu.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mikono yake ilitulia kichwani mwangu.

"Na lugha gani, madam?"