RAM Iliyofaulu Uru

Fundi Sylvanus wa Uru hajawahi kukutana na mtu anayejua kompyuta. Amekutana na wanaozinunua, wanaoziuza na wanaozifundisha vyuoni, na wote amewapima akawaona wepesi. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta za mezani mjini Moshi, na mteja anayeingia pale na swali hutoka na swali lile lile pamoja na aibu kidogo. Ukimwambia kompyuta yako imekuwa nzito, atakuuliza nani alikuchagulia RAM, kwa sauti ya baba anayemuuliza binti mimba ni ya nani.

RAM ndiyo fahari yake. Ni kile kipande kinachoshikilia kazi wakati kompyuta inaifanya, na kila kipande huja na kasi yake imeandikwa ubavuni. Watu wengine huiacha kasi hiyo ilivyo. Sylvanus huingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, akaisukuma RAM iende mbio kuliko ilivyoandikwa, akaiongezea na umeme kidogo, wenye kuipasha moto, ili isizimie njiani, kisha akageuka kumtazama mteja kama mtu aliyemtoa Lazaro kaburini.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ilimjia kazi aliyoitamani kuliko zote. Usharika mmoja wa Kilutheri mjini ulikuwa unafungua studio ya video, na kamati ilitaka kompyuta zote zitengenezwe na fundi mmoja. Angeanza na mashine ya Tabitha, mpiga video wa usharika, mwenyeji wa Marangu. Ikitulia mpaka kipaimara cha Desemba kipite, zilizobaki ni zake. Sylvanus hakulala na furaha ile peke yake. Alimsimulia kila aliyepita. Walutheri wana shule, wana hospitali, wana hosteli, alisema, na leo wamekuja kwa Mkatoliki wa Uru kuuliza namna ya kuwasha kompyuta.

Tabitha alifika kibandani akiwa amejiandaa. Alikuwa amesoma kwenye tovuti ya watengenezaji wa bodi kuu ni RAM gani walizozijaribu zikakubali, na alitaka vipande vinne vya aina moja, vilivyotoka kwenye pakiti moja. Sylvanus alimsikiliza mpaka mwisho, jambo analolifanya kwa nadra.

“Dada, hayo yameandikiwa waoga,” akamwambia. “Nyie wa Marangu mmezoea kubeba mizigo ya Wazungu mlimani kwa kilo mlizopangiwa. Mimi sibebi kwa kupangiwa.”

“Na mizigo yetu hufika, kaka Sylvanus.”

Alicheka, akafanya alivyotaka. Alinunua vipande viwili alivyovitaja Tabitha, na viwili vingine akavitoa kwenye droo yake, vya kampuni nyingine, kwa sababu vilivaa koti la chuma linalofanana. Kwake koti lilitosha kuwa ushahidi wa undugu. Ni kama kuwaona wanaume wawili waliookota suti za rangi moja kwenye soko la mitumba la Memorial, ukaapa kwamba wamezaliwa tumbo moja.

Mashine zote za Sylvanus hupimwa nyumbani, juu Uru, kwenye mteremko baridi wa Kilimanjaro, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya kahawa enzi za baba yake. Mashine iliyopita Uru, husema, imepita. Aliipandisha ile ya Tabitha, akaisukuma kasi hadi mahali ambapo hata yeye alipiga ishara ya msalaba, kisha akawasha programu ya kupima RAM na kuacha mlango wazi. Ilikuwa Julai. Ukungu ulishuka kutoka msituni, ukapita katikati ya migomba, ukaingia ndani bila hodi. Mkewe Mektrida, aliyekuwa amejifunga kitenge juu ya sweta mbili, alipita na majani ya ng'ombe akasimama kutazama.

“Baba Denis, unaipepea kama mtoto wa homa,” alisema. “Tutaugua sisi badala yake.”

Akajibiwa kwamba sayansi si ya jikoni. Jioni programu ilimaliza bila kosa hata moja. Sylvanus aliupiga picha ukurasa wa kijani, akamtumia Tabitha bila neno lolote, kwa kuwa aliona neno lingepunguza uzito.

Miezi ya baridi mashine ilikwenda vizuri, na Sylvanus akawa havumiliki. Novemba jua lilipokaa juu ya mji, chumba cha kazi cha Tabitha, kilichoezekwa mabati bila dari, kikawa tanuri. Ndipo video zilipoanza kugoma katikati, na mafaili yaliyofunguka jana yakakataa kufunguka leo. Sylvanus alilaumu kamera. Halafu akalaumu umeme. Kamera ilipobadilishwa na umeme ukawekewa kidhibiti, akamlaumu Tabitha kwa namna anavyobonyeza. Hatimaye aliichukua mashine, akaipandisha Uru, akafungua mlango, ikapita. Akairudisha mjini kwa kishindo. Ikaharibika wiki hiyo hiyo. Akaipandisha tena. Ikapita tena. Mtu mwingine angeanza kujiuliza kuhusu barabara ile ya kupanda na kushuka. Sylvanus alihitimisha kwamba Tabitha ana gundu.

Kipaimara kikafika. Jumatatu yake, mchana wa jua kali, mwenyekiti wa kamati, Mzee Elisifa, alikuja chumbani kwa Tabitha kuangalia video kabla haijagawiwa kwa wazazi. Sylvanus naye aliitwa. Alimwamkia mzee shikamoo, akasimama ukutani mikono kifuani. Video ikaanza. Watoto walipiga magoti wamevaa meupe, na mistari ya kijani ikapita juu yao. Mjukuu wa mzee alipofikiwa kubarikiwa, nusu ya uso wake ilihama ikakaa kwenye bega la jirani.

Mzee hakupandisha sauti. Aliomba RAM ipimwe pale pale walipo. Programu haikufika mbali. Mistari myekundu ilijaa kwenye kioo.

“Kule Uru ilipita,” Sylvanus alisema.

“Kule Uru hatuna studio,” mzee akajibu.

Tabitha alieleza kwamba picha za awali bado zipo kwenye kamera, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Sylvanus avitoe tu vile vipande vya kwenye droo, na vilivyobaki avirudishe kwenye kasi iliyoandikwa. Mzee Elisifa alikubali. Ikitulia, alisema, kamati haitakuwa na neno, na kazi itabaki kwa Sylvanus kama ilivyoahidiwa.

Ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Sylvanus alikitazama kioo, akamtazama Tabitha, akatazama mabati juu kama aliyewakuta katika njama.

“Nikiirudisha hapo,” alisema, “itakuwa mashine kama ya mtu yeyote.”

“Ndiyo hiyo tunayoitaka, fundi,” mzee akasema.

Alichomoa nyaya moja moja. Alimwambia Tabitha atarudishiwa fedha yake yote, na akairudisha kweli. Wanaomchukia hawawezi kumnyima hilo. Kisha akaikumbatia mashine, akatoka nayo juani.

Studio ilifunguliwa mwezi wa pili. Kompyuta za studio hiyo ziliundwa na mfanyabiashara asiyejua hata kuingia kwenye mipangilio ya ndani. Alinunua RAM zilizotajwa na watengenezaji wa bodi, akazichomeka, akaenda zake. Zinafanya kazi.

Ya Sylvanus ipo stoo. Krismasi ile ile ya mwaka jana, ndugu waliotoka Dar kuja kuhesabiwa nyumbani, kila mmoja alipelekwa kuitazama, akasomewa namba za kasi, akaelezwa kwamba mashine hii watu wa mjini hawakuiweza. Shemeji mmoja, akijipasha mikono kwa pumzi, aliuliza inatumika kwa kazi gani.

Sylvanus alimwangalia kwa huruma, akasogea kando kidogo ili ukungu uingie vizuri.