Maji Yaliyopita Mashineni

Evarista alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Hata padri alijua kwamba neno halimwingii mpaka alijaribu kwa mikono yake. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watano na kinyungu kimoja, yaani kile kibustani cha bondeni kinacholimwa kiangazi, chini kidogo ya bwawa la misheni, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Iringa mjini. Bwawa lilichimbwa zamani ili hospitali ipate maji ya bomba. Maji yaliyozidi yalishuka mpaka kwenye maharage ya Evarista, na maharage hayo ndiyo yaliyowavusha wanawe miezi ya njaa.

Mwaka 1956 bruda mmoja akaleta gurudumu la chuma, akalijengea kibanda cha mawe chini ya ukuta wa bwawa. Mlinzi wa bwawa, Liberatus, mdogo wa marehemu mume wa Evarista, alitangaza habari baada ya misa, kifua mbele, utadhani gurudumu kalitengeneza yeye.

"Maji yanapita mle, mashine inayatoa nguvu, nguvu inakwenda hospitali kuwa taa!"

Laiti angenyamaza! Wanawake wa bondeni walielewa kama wapika pombe wanavyoelewa: ukishakamua, kinachobaki ni machicha. Nani amwagilie shamba machicha? Jumbe Kalinga, aliyependa kuamua mambo upesi kabla hajaulizwa, akatoa amri kwamba Jumapili ya pili kila mwenye kinyungu ahamie juu ya bwawa, kwenye mawe, na bonde liachiwe ng'ombe.

"Nawe uhame, Mama Marcelino," alimwambia Evarista. "Maji yale yamekwisha."

"Nani kayajaribu, Baba Jumbe?"

Hakuna aliyeyajaribu. Evarista alirudi nyumbani na hasira, lakini hofu ilizidi hasira. Kule juu jembe halingeingia, na wanawe wangelala njaa.

Jumatatu akachukua vyungu viwili, akavijaza udongo uleule, akapanda mbegu kumi kila kimoja. Kimoja alikimwagilia maji ya bwawani. Kingine alikimwagilia maji yanayotoka chini ya kibanda, akakifunga kamba ya mgomba shingoni asije akajidanganya mwenyewe. Akaviweka karibu na jiko, akawakanya watoto wasiviguse. Kila asubuhi alichungulia, na kila asubuhi aliona udongo mtupu.

Siku ya nane udongo ulipasuka, vyungu vyote viwili, asubuhi moja. Kile chenye kamba kiliotesha miche tisa. Kisicho na kamba kiliotesha minane.

Jumapili ile ya kuhama akavitua kwenye ngazi za kanisa, miche ikiwa imeshafungua majani. Watu wakajaa. Jumbe Kalinga akachuchumaa, akang'oa mche wa chungu chenye kamba, akaunusa mzizi, akautafuna.

"Sasa kama maji hayakupungua kitu," aliuliza polepole, "hiyo taa wanaitoa wapi?"

Swali likamfuata Evarista mchana kutwa, na jioni likampeleka hospitalini. Akasimama dirishani pa wodi ya wazazi. Taa ikawaka bila kibiriti, bila moshi, ukuta mzima ukawa mweupe, naye mwili ukamsisimka mpaka akashika ukingo wa dirisha. Chini ya taa ile mama mmoja alikuwa akimnyonyesha mtoto wa siku moja. Evarista aliwatazama wale wawili, akaitazama taa, machozi yakamtoka asijue anamlilia nani.

Kesho yake alimkuta Jumbe bondeni, suruali imekunjwa, anazibua mfereji pamoja na wanawake.

"Kamwene, Mama Marcelino. Umeshajua taa inatoka wapi?"

"Sijui, Baba Jumbe. Ila mimi nimenyonyesha watano wala sikugeuka machicha, na jembe hili bado nalishika mwenyewe."

Jumbe aliinamisha kichwa, akampisha njia. Evarista akaingia kwenye kinyungu chake, akaanza kupanda.